Swichi ya Dada

Ukinunua nyumba Kilwa Masoko unakabidhiwa funguo, mkataba na mashahidi mbele ya mwenyekiti. Unakabidhiwa pia habari za mipaka: mnazi huu wako, ule wa jirani, na nazi ikidondoka upande wa pili ina mwenyewe. Asichokukabidhi mtu ni mahali maji yanapofungiwa na mahali umeme unapozimiwa. Muuzaji hajui, kwa sababu aliyejenga ni baba yake. Baba yake alijua, na sasa yuko makaburini.

Nyumba yetu ilijengwa kama zinavyojengwa nyingi za pwani hii ya Lindi. Korosho zilipolipa, vikasimama vyumba viwili. Mtoto alipopata kazi Dar es Salaam, likaongezwa jiko na choo cha ndani. Binti alipoposwa, ikatokea baraza na chumba cha wageni, haraka haraka, kabla wakwe hawajafika. Kila pesa ilipoingia ilikuja na fundi wake, na kila fundi alikuja na waya wake na bomba lake, asitake hata kujua mwenzake alipitia wapi. Kwa hiyo anayetaka kuujua umeme wa nyumba hii akifuata kuta atapotea. Afadhali aulize nani alizaliwa mwaka gani na nani aliolewa wapi. Hayo tuliyajua baadaye, baada ya kulowa.

Tulihamia tukitokea Kivinje: mimi, mume wangu, watoto, mama mkwe na shemeji yangu, kijana anayependa ngazi kuliko shule. Usiku wa kwanza tulinunua LUKU kwa simu. Likatokea jina la marehemu, maana mita bado ni yake, na uniti chache kuliko tulizotegemea. Nyumba ilikuwa imekaa tupu muda mrefu, na kodi ya jengo siku hizi hukatwa humo humo kwenye LUKU. Ilianza mwaka 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Pesa yetu ikaenda kulipa miezi ambayo nyumba ilikaliwa na popo. Mume wangu akabonyeza tarakimu 20 kwenye rimoti ya mita kwa uchungu wa mtu anayelipa deni la marehemu asiyemjua.

Bomba la jikoni lilipasuka usiku ule ule tulipomaliza kupanga vyombo. Halikupasuka kwa kishindo. Lilianza kwa kufoka kidogo chini ya sinki, pale fundi wa zamani alipoungia bomba la plastiki kwenye la chuma, kisha kiungo kikaachia na maji yakaruka hadi kwenye gunia la mchele.

"Fungeni koki!" mama mkwe akapiga kelele kutoka chumbani.

Ipi? Ya chini ya sinki ilikuwa imeganda. Ya ukutani, nyuma ya choo, ilifunga vizuri sana na haikubadilisha chochote. Nyingine tuliikuta uwani imefukiwa na mchanga, ina kofia nyekundu na sura ya mamlaka. Mume wangu aliizungusha kwa nguvu zake zote, na ikazunguka tu, kwa kuwa haikuunganishwa na kitu. Shemeji akapanda mnarani lilipo tangi, akamulika kwa simu. Akatujulisha kwamba valvu ya kutokea maji ipo, ila mkono wake umeliwa na kutu na kimebaki kishina. Akakibana kwa plaizi. Kishina kikakatika, akashuka nacho mkononi.

Chumvi ya hapa haina mswalie Mtume. Upepo wa kusi unaileta kutoka baharini miezi mingi ya mwaka, na chochote cha chuma ambacho hakiguswi kinagandana. Koki isiyofungwa wala kufunguliwa mara kwa mara hugeuka pambo, nawe unaligundua hilo siku unapoihitaji tu.

Shemeji akakata mpira wa ndani wa baiskeli, akaufunga pale palipopasuka, akaukaza hadi vidole vikawa vyeupe. Ukapunguza. Sisi tulikuwa tunakinga kwa ndoo na kumwaga nje, kukinga na kumwaga, huku tukijipa moyo kwamba tangi la lita 1,000 lina mwisho. Halikuwa na mwisho. Tulikinga lita 1,000, tukaendelea kukinga, na shemeji alipopanda tena akakuta tangi limejaa pomoni. Mama mkwe akaanza kusoma Ayatul Kursiy.

Maji yalipofika karibu na soketi ya ukutani, mume wangu alikimbilia ukumbini, kwenye kabati kubwa la mninga ambalo warithi walishindwa kulitoa mlangoni wakatuuzia pamoja na nyumba. Nyuma yake ndiko ilikofichwa meni swichi. Tukalisukuma wote, watoto wakiwemo, naye akashusha swichi kubwa. Giza. Tukaendelea kukinga gizani. Kabla ya alfajiri maji yakapungua, yakawa matone, yakakoma.

"Nilijua ule mpira utashika," shemeji akasema.

"Mpira wapi," akasema kaka yake. "Ni mimi niliyegonga bomba na nyundo."

Mama mkwe hakuingia kwenye mabishano hayo. Yeye alijua ni nini kilichoyazuia. Hakuna kati yetu aliyejiuliza kwa nini maji yameisha baada ya kuzima umeme.

Wilaya hii yetu ndiyo yenye kisiwa cha Songo Songo. Gesi iligunduliwa pale mwaka 1974, na tangu 2004 inasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, Ubungo, inazungusha mitambo ya umeme. Yaani koki ya taa za jiji imo katika bahari yetu, na wapo watu wanaolipwa kujua iko wapi, inafungwaje na nani ana ufunguo. Na sisi, hatua mbili kutoka ufukweni mwa bahari hiyo hiyo, tulikuwa tunakausha mchele kwenye mkeka.

Fundi wa bomba aliunganisha kilichopasuka, akaweka valvu mpya chini ya tangi, ya shaba nyeupe yenye mkono mwekundu. Mume wangu akaona hiyo haitoshi. Alitaka kujua kila swichi ya nyumba inazima nini, iandikwe, ibandikwe, asiwe mtu wa kusukuma kabati usiku tena. Lilikuwa wazo zuri, na lilitokana na machungu ya zamani: kule Kivinje, baada ya Kimbunga Hidaya cha Mei 2024, siku zile barabara ilipokatika Somanga na umeme ukawa wa kuonja, friji yetu ilikufa dakika ile ile umeme uliporudi, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuichomoa.

Akaja fundi umeme. Kabati likasukumwa upande mwingine moja kwa moja. Boksi la breka likafunguliwa, na ndani yake mlikuwa na wakazi. Dondola wa udongo alikuwa amejenga kati ya breka ya pili na ya tatu, vyumba vinne vilivyopangana vizuri kuliko vyetu. Chini palikuwa na mjusi aliyekauka, mkia umegusa pasipogusika. Ncha za waya wa shaba zilikuwa na kutu ya kijani. Fundi alizima meni swichi, akagusa kila mahali kwa testa, akagusa tena, ndipo akatia bisibisi.

"Mama, kutu hii ndiyo inayochoma nyumba," aliniambia. "Waya ukishika vibaya unapata moto. Breka haioni moto wa namna hiyo, yenyewe inahesabu mkondo tu."

Akakwangua ncha, akakaza skrubu, akamtoa dondola kwa heshima. Breka zilikuwa sita. Juu ya kila moja palikuwa na mikwaruzo ya penseli iliyofifia. Fundi akaiangalia, akasema watoto walichezea.

Njia ya kujua breka inazima nini haihitaji chuo. Unawasha kila kitu, unaweka mtu katika kila chumba, unashusha moja moja, unasikiliza nani analalamika. Mwanangu wa kwanza aliwekwa jikoni, wa pili chooni akilinda taa, shemeji chumba cha wageni chini ya feni. Mama mkwe alikataa kupangwa. Yeye alikuwa barazani na redio yake ya kuchomeka, anasikiliza taarifa ya habari, nasi tukamhesabu kuwa ni kipimo.

Breka ya kwanza: zikazimika taa za vyumba viwili vya zamani, na soketi ya barazani.

"Mmenikatia habari!"

Ya pili ikazima jiko. Ikazima pia feni ya chumba cha wageni, ambacho kiko mwisho wa nyumba, kwa kuwa mwaka wa posa fundi aliona njia fupi ni kuchukua umeme jikoni. Ya tatu ilikuwa choo na taa ya nje ya uwani, na kengele ya mlango ambayo hatukujua kama ipo hadi tuliposikia inakoroma. Ya tano, soketi za vyumba vya kulala. Mimi nilikuwa naandika kwenye daftari la hesabu la mtoto, chumba kwa chumba, na kadiri nilivyoandika ndivyo nilivyoiona ile familia: hapa walikuwa wawili, hapa wamepata watoto, hapa wana mkwe.

Ya nne haikuzima kitu. Tulishusha, tukapandisha, tukashusha tena. Taa zote zinawaka, feni inazunguka, Mama anasikiliza habari zake. Ya sita pia kimya.

Ng'ambo ya maji kutoka gati ya Masoko, pale Kilwa Kisiwani, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga Husuni Kubwa mwanzoni mwa karne ya 14, na kila mtu anajua ilikuwa jumba lake, na hodhi lile la pembe nane lilikuwa la maji. Kando yake kuna Husuni Ndogo. Kuta nene, minara, uwanja katikati. Kisiwa kimekuwa katika Urithi wa Dunia tangu 1981, wataalamu wamechimba na kupima, na bado hawajakubaliana ile Husuni Ndogo ilikuwa ya kazi gani. Lakini hakuna aliyeibomoa kwa sababu hiyo. Fundi wetu hakuwa na subira ya namna hiyo.

"Hii ya sita ni spea," akasema. "Ya nne ina waya, ila haina kazi. Swichi isiyo na kazi ni ya kuzima." Akaishusha, akafunga boksi, akapokea ujira wake.

Kesho yake asubuhi bomba la jikoni lilitoa upepo. Shemeji akapanda, akagonga tangi, likalia tupu. Mume wangu akaanza kumsema vibaya fundi wa bomba na valvu yake ya mkono mwekundu. Hajamaliza, ikasikika hodi ya mtu asiyehitaji kukaribishwa.

Alikuwa bibi wa nyumba ya pili, mwenye kisima, ambaye tulimsalimia tangu tulipohamia na akatuitikia kwa ufupi. Mkononi alikuwa na beseni, na ndani ya beseni vijifuko vya ubuyu na ukwaju vikielea kwenye maji mekundu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wanangu, nimewakosea nini mpaka mnizimie friji?"

Mume wangu akamwambia kwa upole kwamba hatujagusa friji ya mtu, na kwamba umeme ukikatika ni wa mtaa mzima.

"Mtaa mzima unawaka. Mimi ndiye niliyezimwa. Barafu za watoto wa shule zimekuwa juisi, na changu za watu ziko mle ndani. Usiku ule mlizima mkawasha alfajiri, nikasema wageni, wanazoea. Leo mmezima kabisa."

Hapo mama mkwe akaingia, akavaa miwani, akaomba afunguliwe boksi. Hajawahi kushika bisibisi maishani mwake, wala hasomi gazeti, lakini alihitimu chuoni kwa mwalimu kabla sisi hatujazaliwa. Akasogeza uso hadi pua ikakaribia breka ya nne, akaisoma ile mikwaruzo kutoka kulia.

"Dali, alifu. Dali, alifu." Akageuka. "Dada."

Mikwaruzo ya watoto ilikuwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mkono safi wa mzee aliyejua anachofanya. Breka ya kwanza: *wazee*. Ya pili: *jiko*. Ya tano: *wana*. Marehemu alikuwa ameshaandika nyumba nzima, na sisi tulimlipa fundi aje abahatishe. Kilwa imeandika kwa herufi hizi tangu masultani wake walipopiga sarafu za shaba zenye majina yao, na ajabu si kwamba ziko kwenye boksi la breka. Ajabu ni kwamba katika watu wote tuliosukuma kabati, hatukumwita yule mmoja aliyeweza kusoma.

Bibi akakaa kwenye kiti bila kuambiwa.

"Kaka yangu ndiye aliyenivutia," akasema. "Nilipofiwa na mume akaniambia, dada, wewe una kisima na mimi nina mita. Nitakupa moto, unipe maji."

Ndipo mambo yote yakajipanga. Pampu iko kisimani kwake na inajiwasha yenyewe presha ikishuka. Bomba linapita chini ya ua na kupanda kwenye tangi letu. Tangi likipungua, floti inafungua, pampu inasukuma. Usiku ule wa mafuriko sisi tulikuwa tunakinga, na umeme wetu wenyewe ulikuwa unatujazia tangi kutoka kisima cha jirani. Mume wangu aliposhusha meni swichi ndipo pampu ikazimika. Nyundo haikufanya kitu, na mpira wa baiskeli ulisaidia kidogo. Mama mkwe bado anashikilia Ayatul Kursiy, na hakuna ushahidi wa kumpinga.

"Na koki, bibi?" shemeji akauliza. "Koki ya kuzuia maji yasije huku?"

Akatupeleka. Nyuma ya jiko lake, chini ya mbirimbi, aliinua jiwe na kipande cha bati, na pale palikuwa na koki ya shaba inayong'aa. Akaizungusha kwa vidole viwili. Huipaka mafuta ya nazi kila anapopaka mlango. Koki pekee iliyofanya kazi katika nyumba yetu ilikuwa haimo katika nyumba yetu.

Breka ya nne ilipandishwa kabla ya chai. Lakini fundi tulimwita tena, na safari hii alikunja uso. Kumpa jirani umeme kutoka mita yako hairuhusiwi, akasema, na huu hapa umepitishwa ardhini bila hata bomba la kuukinga, juu ya mchanga wenye maji. Mbaya zaidi umeungwa kabla ya ile breka ya kinga inayojikata umeme ukivuja, kwa hiyo mtu akipigwa shoti kisimani hakuna cha kumwokoa. Akakagua na fimbo ya ethi uwani, akakuta waya wake umeachia. Mchanga mkavu haupokei umeme vizuri, akatueleza, fimbo inatakiwa iende chini hadi kwenye unyevu.

Mume wangu naye alikuwa na hesabu zake. Mita yetu iko kwenye kundi la wanaotumia kidogo: uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja, kabla ya kodi, na ukivuka hapo uniti inakuwa 350. Friji ya barafu na pampu havijui 75 ni nini. Ukitazama upande wa bibi, utaelewa kwa nini kaka mtu alichimba mtaro wa waya badala ya kumwombea mita. Kijijini kuunganishiwa umeme ni shilingi 27,000. Mahali panapohesabiwa kuwa mji, tangu 2022, ni 320,960, hapo hujahitaji nguzo. Kwa muuza barafu za shilingi mia, hizo ni barafu nyingi.

Kikao kilifanyika barazani kwetu, mama mkwe akiwa mwenyekiti. Mume wangu alisema nyumba tumeinunua, mkataba upo, na hakuna mahali palipoandikwa dada. Bibi akajibu kwamba ni kweli, na kisima nacho hakimo katika mkataba. Pakawa kimya. Mama mkwe akauliza ndoo moja ya maji ya kununua hapa Masoko ni kiasi gani, na mwanawe akatazama miguu yake.

Yaliyokubaliwa ni haya: bibi ataomba mita yake, nasi tutachangia. Hadi itakapofungwa, waya umepitishwa ndani ya bomba na kuhamishiwa nyuma ya breka ya kinga, na fundi amefunga kimita kidogo kinachohesabu uniti za upande wa pili. Bibi analipa nusu kwa pesa na nusu kwa maji. Watoto wangu wanadai kuna kipengele cha barafu pia, ila sikukisikia kikisomwa.

Kuandika upya tuliandika. Karatasi ya gundi ilibanduka kwa joto na chumvi kabla hata haijazoeleka, na wino wa kalamu nene ukafifia. Kilichoshika ni rangi ya kucha, nyekundu, ambayo nilikuwa nimeihifadhi kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu. Mimi naandika kwa herufi za shule, mama mkwe anaandika chini yake kwa herufi za chuoni, mkono hautetemeki. Koki zote zimepakwa grisi. Ile ya kofia nyekundu isiyounganishwa na kitu mume wangu ameing'oa na kuitupa, kwa hasira ambayo si bure. Kabati limehama.

Ilikuwa wakati wa kuandika ndipo mama mkwe alipofuta vumbi juu ya breka ya sita, ile ya spea, na kukuta nayo ina mkono wa mzee. Akasoma kwa sauti: *shangazi*. Tukamwuliza bibi. Akafikiri, akasema shangazi yao alikuwa mmoja tu, na aliolewa Lindi Mjini zamani sana.

Mume wangu alitoka nje, akasimama uwani, akawa anatazama nyaya zinavyoelekea kusini.